Motokaa Ndogo Iliyofundishwa Mbio

Ziko motokaa zilizozaliwa kwa mbio, kama farasi wa mashindano, na mtu hashangai azionapo zikikimbia. Hizo hazinitii hamu sana. Motokaa inivutiayo mimi ni ile iliyoundwa kumpeleka mtu sokoni na kazini kwa gharama ndogo, kisha akatokea fundi akaona ndani yake kitu ambacho hata muundaji wake hakukitarajia. Mfano bora wa jambo hili, kwa maoni yangu, ni gari la Kiingereza liitwalo Mini.

Gari hilo lilizaliwa na dhiki. Mwaka 1956 serikali ya Misri iliutwaa Mfereji wa Suez kuwa mali ya taifa, vita vikafuata, na petroli ikaadimika Uingereza hata ikawa inauzwa kwa vibali. Mkuu wa kampuni ya British Motor Corporation, Leonard Lord, akamwagiza mhandisi Alec Issigonis aunde gari dogo litakalokunywa kidogo na kuwachukua watu wanne. Lilitokea Agosti 1959. Urefu wake ulikuwa futi 10 tu. Ili watu wapate nafasi, Issigonis aliikingamisha injini badala ya kuielekeza mbele, akaiweka gia boksi chini yake, na akayafanya magurudumu ya mbele ndiyo yavute gari. Magurudumu yenyewe yalikuwa ya inchi 10, nayo aliyasukuma hadi kwenye pembe nne kabisa. Injini ilikuwa ya sentimita 848 za ujazo, na nguvu zake zilikuwa za farasi 34. Hakuna kijana wa leo ambaye angejivunia idadi hiyo.

Nilipokuwa katika chuo cha ualimu, mkufunzi wetu wa fizikia alilichora gari hilo ubaoni akatuuliza kwa nini ni vigumu kulipindua. Tulikaa kimya. Akachora nukta ndogo karibu na ardhi, akasema hapo ndipo uzito wote unapokutana. Kisha akaunganisha magurudumu manne kwa mistari, tukaona jinsi kitako cha gari kilivyo kipana. Tangu siku ile sikuliona tena kuwa gari la mzaha.

Mtu aliyeliona jambo hilo kabla yetu sote ni John Cooper. Huyu alikuwa muundaji wa magari ya mashindano, na magari yake yalitwaa ubingwa wa dunia wa waundaji mwaka 1959 na 1960. Alipoiendesha Mini aligundua kwamba hukata kona kwa wepesi ambao magari makubwa ya fahari hayakuwa nao. Akashauri itolewe nyingine yenye nguvu zaidi. Issigonis hakupendezwa; yeye alikuwa amewaundia watu wa kawaida chombo cha kawaida, na habari za mbio hazikumhusu. Wakuu wa kampuni nao walikuwa na shaka kama magari 1,000 yangepata wanunuzi. Hata hivyo walikubali kujaribu, na mwaka 1961 Mini Cooper ikatoka. Katika miaka kumi iliyofuata ziliuzwa zaidi ya laki moja.

Sasa, msomaji, angalia kwa makini kazi iliyofanywa, maana hapa ndipo vijana wengi husoma nusu ya ukurasa. Injini iliongezwa hadi sentimita 997 za ujazo, ikapewa kabureta mbili, na nguvu zikapanda hadi za farasi 55. Hilo kila mtu hulisimulia. Walakini siku ile ile ambayo gari lilipewa nguvu, lilipewa pia breki mpya kwenye magurudumu ya mbele: sahani ya chuma inayozunguka pamoja na gurudumu, na vibanio vya kuikaba kutoka pande zote mbili. Sababu yake ni hesabu. Mwendo ukizidi mara mbili, nishati ambayo breki hulazimika kuimeza huzidi mara nne. Anayeongeza mwendo bila kuongeza breki amekopa deni ambalo atalilipia katika mteremko.

Matunda yalionekana katika mashindano ya Monte Carlo, ambayo hupita milima ya Alps wakati wa theluji. Mwaka 1964 Paddy Hopkirk wa Belfast alishinda kwa Mini Cooper S yenye injini kubwa kidogo kuliko ile ya kwanza, akaiacha nafasi ya pili kwa Ford Falcon kutoka Marekani, yenye injini ya lita 4.7. Ni kweli kanuni za mwaka ule ziliyapa magari madogo unafuu, lakini unafuu haumshikii mtu usukani juu ya barafu. Mini ilishinda tena 1965 na 1967. Mwaka 1966 Mini tatu zilitangulia wote, kisha zikaondolewa kwa sababu ya taa za mbele, uamuzi ambao mimi nauona wa kisirani.

Wengine waliifuata njia hiyo. Volkswagen walitoa Golf GTI mwaka 1976. Kwetu Kenya, Shekhar Mehta alishinda Safari Rally mara nne mfululizo, 1979 hadi 1982, kwa Datsun ambayo kwa umbo ilikuwa gari la kwenda kazini.

Nina mdogo wangu, fundi wa magari Nakuru. Ana motokaa ndogo ya zamani, na kila mwezi humchukua mama yetu kumpeleka Nairobi kwa daktari, wakirudi kwa njia ya Mai Mahiu. Mwaka jana aliniomba nimkopeshe fedha abadilishe injini.

"Kaka," aliniambia, "hii ikipata injini ya pili, hakuna Subaru itakayonipita."

Nilimwuliza breki ni zipi. Akasema ni zile zile zilizokuja na gari. Nilimchorea ile nukta ya mkufunzi wangu nyuma ya risiti, pamoja na hesabu ya mara nne, naye akaitazama kwa muda mrefu, kwa kuwa kwa kazi yake ameona magari yaliyovutwa kutoka kwenye mteremko ule. Nilimpa fedha za breki na matairi, basi.

Juzi alinipigia simu kusema kwamba zimekwisha kufungwa, na kwamba mama alilala usingizi tangu juu ya mteremko hadi Naivasha. Habari ya injini, alisema, tutaizungumza Desemba.