Bei ya Gemu Si Bei ya Huruma

Kila mtu anayetengeneza gemu bila kampuni nyuma yake hufika kwenye swali moja: niuze shilingi ngapi? Sisi tunaotengenezea hapa Kakuma tuna swali jingine juu ya hilo: je, mkimbizi naye anaruhusiwa kuuza? Naandika kwa sababu jibu la "hapana" nimelisikia mara nyingi, tena kutoka kwa watu wanaotupenda.

Gemu yetu ni ndogo. Msichana yuko kwenye foleni ya maji na madumu mawili. Lazima afike bombani kabla maji hayajafungwa, na njiani anaamua nani ampishe na nani amkatalie. Inachezwa kwa saa moja hivi. Tumeitengeneza usiku, miezi 14, kwenye laptopu ya mtumba, mimi na dada mmoja anayechora picha. Tulipoionyesha, afisa mmoja wa mradi akasema kwa moyo mweupe: "Itoeni bure, iwafikie wengi." Mwingine akasema tuombe dola 20, maana wazungu watatuonea huruma. Ukizitazama vizuri, bei hizo mbili ni ndugu. Hakuna aliyeuliza gemu yenyewe ina nini ndani. Wote wawili walitazama kadi zetu za ukimbizi wakapanga bei.

Nikamsimulia mama jirani yetu anayeuza mandazi. Akanijibu bila kuacha kukanda: "Mwanangu, unga unapewa bure?" Nikasema hapana, mama. "Basi na mandazi si ya bure. Lakini mtoto wa shule usimuuzie kwa bei ya harusi." Sijasikia mwalimu aliyelieleza somo hili vizuri kuliko yeye.

Tuanze na unga. Duka la Steam linadai dola 100 kwa kila gemu unayoweka, na hurudishiwi mpaka gemu iingize dola 1,000. Kisha linakata asilimia 30 ya mauzo. Google Play inadai dola 25 mara moja tu, halafu asilimia 15 kwenye dola milioni moja ya kwanza kila mwaka. Itch.io inamwachia muuzaji achague duka lipate kiasi gani. Kwa hiyo ukiuza kwa dola 5 kwenye Steam, unabaki na 3.50, kabla ya kodi na kabla ya wanaorudisha. Ndiyo, wanarudisha! Mnunuzi anaweza kudai pesa zake ndani ya siku 14 kama hajafikisha saa mbili za kucheza. Gemu ya saa moja kama yetu, mtu anaweza kuimaliza kabisa na bado akarudishiwa. Akiona bei imezidi alichokipata, atadai.

Na ile ya "lipa unachotaka"? Mwaka 2009 waliotengeneza World of Goo walijaribu, gemu yao ilipotimiza mwaka mmoja. Watu kama 57,000 walinunua. Wastani ulikuwa kama dola 2, na kundi kubwa kuliko yote lilitoa senti 1. Hata hivyo wenyewe waliridhika, kwa sababu gemu ilikuwa imeshauzwa mwaka mzima kwa dola 20 na jina lake linajulikana. Anayeanza leo hana jina hilo. Atabaki na zile senti.

Mfano ninaoupenda zaidi ni Stardew Valley. Eric Barone aliitengeneza peke yake kwa zaidi ya miaka minne, akaitoa mwaka 2016 kwa dola 14.99. Ameiongezea mambo mengi bila malipo, na bei hajaipandisha. Alipanga bei anayoweza kusimama nayo. Bei kushuka ni mteremko, siku za ofa utaishusha tu. Kuipandisha ndiyo mlima wenyewe.

Kuna pia Lual Mayen wa Sudan Kusini, aliyekulia kambini kaskazini mwa Uganda. Mama yake aliweka akiba miaka mitatu apate dola 300 za kumnunulia laptopu. Gemu yake ya kwanza, Salaam, ilianza kusambaa mkononi kwa mkononi na Facebook. Baadaye akapanga kwamba mchezaji akiishiwa maji au chakula ndani ya gemu, anunue kwa pesa halisi, na pesa hizo zisaidie wakimbizi. Yeye aliiingiza bei ndani ya hadithi, na mchezaji anajua analipia nini.

Sasa mtoto wa shule. Kijana wa hapa ana shilingi kumi kumi za kucheza PS kwenye kibanda, hana kadi ya benki. Hata maduka makubwa yanamruhusu muuzaji kuweka bei tofauti kwa kila nchi, kwa hiyo hatuoni aibu kufanya hivyo. Kambini tunapitisha faili kwa memori kadi kwa shilingi 20. Nje tunauza dola 4, kwa kuangalia gemu nyingine za saa moja zinauzwaje.

Dada anayechora ana watoto wawili, na mgao wa chakula umepunguzwa. Gemu ikitolewa bure, yeye ndiye anayelipa, kwa usiku wake na kwa sufuria ya watoto wake. Ameshaniambia tusipouza ataenda kutafuta kazi ya posho, na foleni yetu ya maji itabaki bila mchoraji.

Kwa hiyo, ndugu zetu wa mashirika, mkitaka kutusaidia, nunueni kwa bei iliyoandikwa. Mcheze mpaka mwisho, kisha mtuambie inakwama wapi. Na ikiwa haikuwapendeza, semeni pia. Mteja ana haki hiyo.