Kimara hadi Kivukoni na mzee wangu

Kwa muda wa miaka minne mzee wangu hakuvuka maji kwenda Kigamboni. Si kwamba hakuwa na haja. Huko yuko sahibu yake, waliyebeba naye mizigo bandarini tangu ujana wao, na ambaye sasa maradhi yamemlaza. Kilichomzuia ni goti lake na ngazi za daladala. Siku moja alipokuwa akishuka, gari liliondoka hali mguu wake mmoja ungali juu ya ngazi, akaanguka ubavu. Tangu siku hiyo fimbo ikawa haimtoki mkononi, na safari zake zikawa za dukani na barazani tu.

Mwezi uliopita habari za sahibu yake zilizidi kuwa nzito. Mzee akaniita, akasema, "Mwanangu, nataka nikamjulie hali ningali nina miguu." Kumzuru mgonjwa ni haki ya ndugu juu ya ndugu yake, nami sikuwa na udhuru wa kumpa.

Mtaani kwetu Kimara yupo kijana ambaye riziki yake huipata kwa kupanga safari za mabasi. Nilimweleza jambo letu baada ya Swala ya Isha, akasema atafuatana nasi, kwa kuwa naye alikuwa na shughuli mjini. "Lakini tusitoke saa kumi na mbili na nusu, Katibu," akanionya. "Saa hiyo Kimara yote inakwenda mjini. Tutoke saa nne."

Basi Alhamisi saa nne tulikuwa katika kituo cha Kimara. Mimi nimepita chuoni nikisomea dini, wala sikuwahi kudhani kuwa barabara nayo ina wanazuoni wake. Safari ile ilinifunza vinginevyo.

Jambo la kwanza lilikuwa chini ya miguu yetu. Jukwaa la kituo cha mwendokasi limeinuliwa kulingana na sakafu ya basi, hivyo abiria hapandi wala hashuki. Huvuka tu kama avukaye kizingiti. Mzee alisimama mbele ya mlango uliofunguka, akatafuta ngazi kwa ncha ya fimbo yake, asiione. Akaingia. Kijana mmoja alimwinukia, naye akaketi, akanitazama kama mtu aliyekuwa amejitayarisha kwa vita asiikute.

"Nimeingia kama ninavyoingia chumbani kwangu," akasema.

Yule jirani yetu akatabasamu. Alitueleza kuwa jambo hilo halikuja kwa bahati. Mji wa Curitiba nchini Brazil ulianza kuyatengea mabasi njia zake mwaka 1974, chini ya meya aliyekuwa msanifu wa majengo, Jaime Lerner. Baadaye ukajenga vituo vilivyoinuliwa, ambavyo abiria hulipa nauli kabla ya kuingia. Bogotá, mji mkuu wa Colombia, ukaufuata mfano huo mwaka 2000 kwa kiwango kikubwa zaidi. Hapa kwetu wakala wa mabasi yaendayo haraka uliundwa mwaka 2007, na mabasi yenyewe yakaanza kutembea Mei 2016. Awamu hiyo ya kwanza ina urefu wa kilomita 20.9: kutoka Kimara hadi Kivukoni kwa Barabara ya Morogoro, na matawi mawili, moja la Morocco na jingine la Gerezani, Kariakoo. Kati ya kuundwa kwa wakala na basi la kwanza ilipita miaka tisa. Nikatambua kwamba mtaalamu wa mipango huifanyia kazi safari ya mtu asiyemjua, muda mrefu kabla mtu huyo hajatoka nyumbani kwake.

Tulipita Korogwe, tukapita Kibo, tukateremka kuelekea Ubungo. Nilimwuliza jirani yetu kazi yake hasa ni ipi, kwani barabara ikishajengwa na mabasi yakishanunuliwa, kimebaki nini cha kupangwa?

Akatoa daftari dogo. "Kwanza ni kuhesabu," akasema. Husimama kituoni tangu alfajiri, akahesabu wanaopanda na wanaoshuka, akawauliza watokako na waendako. Kwa hesabu hiyo huijua sehemu ya njia ambako mabasi hujaa kuliko kwingine kote, na saa ambayo hujaa zaidi. Sehemu hiyo ndiyo iamuayo idadi ya mabasi. Basi refu lenye kiungo katikati huchukua watu takriban 150. Ikiwa sehemu iliyojaa zaidi ina watu 3,000 kwa saa, yanahitajika mabasi 20 kwa saa, yaani basi moja kila dakika 3.

"Sasa nikuulize wewe, Katibu," akaendelea. "Mabasi mangapi yatatosha njia nzima?"

Nilinyamaza. Akanipigia mfano. Tuchukulie basi linakwenda kwa dakika 50 na kurudi kwa dakika 50, na katika kila mwisho linasubiri dakika 10. Mzunguko mmoja ni dakika 120. Ukitaka basi lifike kila dakika 4, gawa 120 kwa 4: unahitaji mabasi 30. Sasa njia ikizibwa kwa foleni, mzunguko ukawa dakika 150, mabasi yale yale 30 yatafika kila dakika 5. Kila gari liko barabarani na kila dereva yuko kazini, lakini aliyeko kituoni anasubiri zaidi, na anayefika anakuta limejaa zaidi. Ili kurudisha zile dakika 4, yatatakiwa mabasi 38.

"Kwa hiyo bodaboda anayejipenyeza katika njia ya mabasi," nikasema, "anakula dakika za watu wote walio nyuma yake."

"Umeshaielewa kazi yangu," akajibu.

Kuanzia Shekilango, Urafiki na Manzese, watu waliongezeka. Nilianza kuviona vitu ambavyo nimevipita kwa miaka bila kuvitazama. Milango ni mipana na ni zaidi ya mmoja, ili wanaoshuka wasipambane na wanaopanda. Nauli hulipwa kabla ya kuingia jukwaani, na hiyo nayo ina hesabu yake. Lau watu 20 wangelipa mlangoni kwa sekunde 4 kila mmoja, basi lingesimama sekunde 80 katika kituo kimoja. Kwa vituo 20 hiyo ni zaidi ya dakika 26 za kusimama bure. Na vituoni njia imeongezwa upana, ili basi lisilosimama hapo liweze kulipita lililosimama.

Huko Magomeni, ambako tawi la Morocco hujitenga, tuliona mabasi mawili ya njia moja yakifuatana, la mbele limeshonana watu na la nyuma lina nafasi tele. Mzee alidhani ni uzembe wa madereva. Jirani yetu akamweleza kwa adabu kwamba huenda hakuna aliyekosea. Basi likichelewa kidogo tu, kituo kinachofuata huwa kimekusanya watu zaidi, na kuwapakia wote hulichelewesha tena. La nyuma yake hukuta vituo vimefagiliwa, likakimbia, hata likalifikia la mbele. Dawa yake ni mtu wa kuyatazama mabasi yote kwa pamoja, awe na mamlaka ya kuliambia basi la nyuma lingoje kidogo. Dawa hiyo huwaudhi waliomo ndani ya basi hilo, kwani hawawaoni wale wanaookolewa mbele yao.

Hapo mzee akauliza swali ambalo mimi sikuwa nimelifikiria. "Na vijana wetu wa daladala za barabara hii, makondakta na wapiga debe, walikwenda wapi?"

Jirani yetu hakujibu upesi. Alisema daladala ziliondolewa katika njia hii mwendokasi ulipoanza, zikapelekwa njia nyingine. Wapo madereva waliopata kazi kwingine na wapo waliopoteza. "Katika daftari langu, mzee wangu, huo huandikwa mstari mmoja," akakiri. "Nyumbani kwa mtu ni chakula cha mwaka mzima." Mzee akatikisa kichwa. Nilimheshimu kijana yule zaidi kwa jibu hilo kuliko kwa hesabu zake zote.

Kisha tukateremka Jangwani. Hapa ndipo Mto Msimbazi unapopita kuelekea baharini, na hapa ndipo barabara hufungwa kila mvua kubwa zinapojaza bonde. Karakana ya mabasi ya awamu ya kwanza ilijengwa humu bondeni, na mafuriko yamekwisha kuiingia zaidi ya mara moja. Mzee alinyoosha fimbo dirishani. "Sisi tukiwa vijana tulikuwa tukiyaona maji yakitanda hapa," akasema. "Maji hufuata mkondo."

"Ndiyo maana nasema mtaalamu asiyewauliza wazee hajamaliza kazi yake," akasema jirani yetu. Akatueleza kuwa umo mpango wa kuliendeleza bonde lote la Msimbazi, pamoja na kujenga hapa daraja lililoinuka zaidi, ili mji usikatike vipande viwili kila masika. Sensa ya mwaka 2012 iliukuta mkoa wa Dar es Salaam na watu 4,364,541; ya mwaka 2022 ikawakuta 5,383,728. Katika miaka kumi umeongezeka zaidi ya watu milioni moja, na wengi wao, wakiamka asubuhi, wana mahali pa kwenda.

Baada ya Fire, ambapo tawi la Gerezani hukata kuelekea Msimbazi, tulipita Kisutu na Posta ya Zamani, hata tukafika Kivukoni. Mzee aliteremka kama alivyopanda, kwa kuvuka kizingiti.

Lakini mtihani ulikuwa mbele. Kutoka kituoni hadi kwenye pantoni ni mwendo wa dakika chache tu kwa mwenye miguu mizima. Kwa mzee wangu ulikuwa mrefu kuliko kutoka Kimara. Tulisimama mara tatu, jua likiwa kali, mikokoteni na wachuuzi wakitupita huku na huku. Jirani yetu, ambaye alipaswa kutuaga kituoni, alitushindikiza kimyakimya, na nikamwona ameitazama saa yake. Nilidhani amechelewa. Kumbe alikuwa akitupima.

"Dakika ishirini na mbili," akasema tulipofika. "Mimi kwenye karatasi nimezoea kuandika sita."

Akaandika daftarini hapo hapo, amesimama. Akasema safari ya mtu haianzii kituoni wala haiishii kituoni. Huanza mlangoni pake na kuishia mlangoni pa amwendeaye, na apangaye kwa miguu yake mwenyewe huwasahau wote wasio na miguu kama yake. Maneno hayo yalinikumbusha darasa la chuoni, jinsi imamu alivyotakiwa asiirefushe Swala anapowasalisha watu, kwa kuwa nyuma yake yumo mgonjwa, yumo mzee, na yumo mwenye haja yake. Nimelisoma fundisho hilo na nimelifundisha. Sikuwahi kulisikia barabarani.

Tulivuka. Wazee wale wawili walishikana mikono muda mrefu bila kusema neno, kisha wakazungumza hadi Alasiri. Hayo ni yao.

Tuliporudi, ndani ya basi, nilimwambia mzee kwamba sasa, kwa kuwa goti limeweza Kigamboni, bila shaka litaweza na msikitini. Kwa mwaka mzima amekuwa akiswali nyumbani isipokuwa Ijumaa, akisema umbali unamchosha. Alikaa kimya hadi Manzese. Kisha akasema, "Si umbali. Ni zile ngazi tatu. Ijumaa vijana hunibeba. Nimebeba magunia miaka thelathini, mwanangu. Sipendi kubebwa kama gunia."

Mimi ndiye katibu wa kamati ya msikiti ule. Muhtasari wa vikao vyote uko kwa mwandiko wangu, na hakuna mahali nilipoandika neno ngazi.

Jioni ile nilikwenda na futi ya fundi. Kila ngazi ina sentimita 15. Zote tatu, sentimita 45. Jirani yetu alinipa kipimo kinachotumiwa sana na wajenzi wa njia za mteremko: kila sentimita 1 ya kwenda juu ipewe sentimita 12 za kwenda mbele. Kwa hiyo tunahitaji mita 5 na sentimita 40. Kutoka mlangoni hadi kwenye geti ni mita 4 tu, basi njia itabidi ipinde kufuata ukuta wa upande wa udhu, na bomba la maji lisogezwe.

Fedha zilizomo katika hazina zilikusanywa kwa ajili ya mazulia mapya, na wapo wajumbe watakaosema, kwa haki, kwamba waumini walichangia mazulia. Kikao ni Jumapili hii baada ya Alasiri. Nimekwisha kuiandika ajenda, na ngazi ndizo za kwanza. Nimemwomba mzee ahudhurie, nasi kikao tutakifanyia uani, chini ya mwembe, mahali ambapo hakuna ngazi.