Mama anaoga tena



Nyumba tunayopanga hapa Bukavu ni ya wakati wa Wabelgiji, na ndani mna benwari ya chuma, nzito, yenye kingo za juu. Hatukuiogea. Ilikuwa ghala la maji: bomba likitoa usiku tunaijaza, kisha tunachota kidogo kidogo. Wengi wenu mnafanya vilevile.

Kisha mama mkwe alipooza upande wa kushoto, akaletwa kwetu. Kuoga kukawa vita ya kimya. Hakutaka sisi wakamwana wake tumwone uchi. Wanawe, hilo halisemwi. Alikuwa akijifungia, anamwaga maji sakafuni ili tusikie, anatoka mkavu. Tulijua, tukanyamaza kwa heshima. Heshima hiyo ilikuwa kosa letu. Siku aliyojaribu kuoga kweli alishika chuma cha kutundikia taulo, kikang'oka na plasta yake, akaanguka. Tulivunja kitasa ili tumfikie. Mfupa haukuvunjika, lakini alilia, na hakuwa akililia maumivu.

Tulimwita fundi wa mbao. Tulitaka benchi pana, miguu miwili ndani ya benwari, miwili nje. Mara ya kwanza alikata miguu yote sawa, benchi ikainama, maana sakafu ya benwari iko juu kuliko ile ya nyumba. Akafupisha ya ndani, akaivalisha yote vipande vya mpira wa gurudumu isiteleze. Sasa Mama anakaa kwanza akiwa nje, anasogea, ndipo anaingiza miguu mmoja mmoja. Ule dhaifu anaunyanyua kwa mkono wa kulia. Hasimami ndani kamwe.

Upande wake wa kulia fundi mwingine aliweka bomba la chuma la kushika, kwa bulo zinazopenya ukuta hadi nje. Misumari tuliikataa. Tulining'inia sisi wenyewe kwanza, na mmoja wetu si mwepesi.

Maji ya akiba tuliyahamishia kwenye mapipa yenye vifuniko. Hata watoto wadogo wamepona na hatari ya kuzama. Katika beseni tunatia maji ya baridi kwanza, ya moto baadaye, na tunayapima kwa kiwiko, kwa sababu mkono wa kushoto wa Mama hausikii moto vizuri. Sabuni imo ndani ya soksi iliyofungwa kwenye benchi, haianguki.

Kitasa hatukurudisha. Kuna pazia, na mmoja wetu anakaa nje akichambua maharagi, anauliza, "Mama, uko?" Naye anajibu, "Niko."

Jumamosi hakujibu, aliita kwa sauti. Tulikimbia sote. Kumbe alitaka kopo lingine la maji ya moto.