Uwanja wa Simba na Yanga

Ndugu msomaji, huenda umeyaona mambo haya kijijini kwako. Watu wamekaa chini ya mwembe. Wanasikiliza redio. Simba na Yanga zinacheza Dar es Salaam. Mpira ukiisha, mmoja anaruka kwa furaha. Mwenzake anaondoka bila kuaga. Kesho yake hawasalimiani njiani, ingawa ni ndugu wa tumbo moja. Na wote wawili hawajaiona Dar es Salaam hata siku moja.

Basi leo twende Dar es Salaam. Tuzitazame klabu hizo, kisha tuutazame uwanja.

KLABU NI MAJIRANI

Tuanzie Kariakoo, penye soko kubwa. Jengo la Simba liko Mtaa wa Msimbazi. Jengo la Yanga liko penye mitaa ya Twiga na Jangwani. Kutoka jengo moja hadi la pili unakwenda kwa miguu. Huhitaji kupanda basi. Klabu hizi ni majirani.

Yanga ilianzishwa mwaka 1935. Jina lake kamili ni Young Africans, maana yake Vijana wa Kiafrika. Simba ilianzishwa mwaka 1936. Wakati huo nchi yetu ilitawaliwa na Waingereza. Kwa miaka mingi Simba iliitwa Sunderland. Hilo ni jina la mji wa Uingereza. Mwaka 1971 klabu ililiacha jina hilo, ikaitwa Simba.

UWANJA WA UHURU

Sasa tupande daladala, twende Temeke. Huko tunaona viwanja viwili vimekaa jirani. Ule wa zamani, ulio mdogo, ni Uwanja wa Uhuru. Kwanza uliitwa Uwanja wa Taifa.

Jina la Uhuru linaufaa sana. Usiku wa kuamkia tarehe 9 Desemba 1961, watu walijaa uwanjani humo. Ilipofika saa sita ya usiku, taa zilizimwa. Zilipowashwa tena, bendera ya Uingereza ilikuwa imeshushwa. Bendera ya Tanganyika ilikuwa juu. Usiku ule hapakuwa na Simba wala Yanga. Watu wote walishangilia upande mmoja.

Baadaye mpira uliendelea. Tarehe 19 Julai 1977 Simba iliifunga Yanga magoli 6 kwa 0. Abdallah Kibadeni peke yake alifunga magoli 3. Wapenzi wa Simba hawachoki kuisimulia siku hiyo.

Mwaka 1993 Simba ilifika fainali ya Kombe la CAF. Ilicheza na Stella ya Abidjan. Mchezo wa kwanza, huko Abidjan, hakuna aliyefunga. Watu wakajaa uwanjani Dar es Salaam wakingoja kombe. Lakini Stella ilishinda 2 kwa 0, ikaondoka na kombe.

UWANJA MPYA

Uwanja wa pili, ulio mkubwa, ulifunguliwa mwaka 2007. Una viti 60,000 hivi. Mwaka 2020 ulipewa jina la Benjamin Mkapa, Rais wa Awamu ya Tatu, baada ya kufariki kwake.

Mwaka 2023 Yanga nayo ilifika fainali, ya Kombe la Shirikisho la Afrika. Katika uwanja huu ilifungwa 2 kwa 1 na USM Alger ya Algeria. Ikaenda kwao, ikashinda 1 kwa 0. Hata hivyo ilikosa kombe, kwa sababu mwenzake alifunga magoli mengi zaidi ugenini. Mwezi Novemba mwaka huo huo Yanga iliifunga Simba 5 kwa 1. Sasa wapenzi wa Yanga nao wana lao la kusimulia.

Tazama basi. Kila mmoja amemfunga mwenzake. Kila mmoja amelikosa kombe la Afrika mlangoni.

SIKU ZA MACHOZI

Uwanja wa Uhuru umeona pia msiba. Mwezi Oktoba 1999 wananchi walipanga foleni ndefu hapo kumuaga Mwalimu Nyerere. Mwezi Machi 2021 walikuja kumuaga Rais Magufuli. Tarehe 21 Machi watu walikuwa wengi mno, wakasongamana na kukanyagana. Polisi walisema watu 45 walikufa. Walikuja kuaga, wao wenyewe wakaagwa.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, ukijaliwa kufika kwenye uwanja wowote wenye watu wengi, kumbuka. Fika mapema. Usisukume mlangoni. Mshike mtoto mkono. Mtu akianguka, mwinue, wala usimuulize anapenda klabu gani.

TURUDI KIJIJINI

Sasa turudi chini ya mwembe. Utani wa Simba na Yanga ni mzuri, unachangamsha baraza. Mcheke mwenzako akifungwa, naye atakucheka siku yako ikifika. Lakini kesho yake asubuhi mpe salamu. Klabu zenyewe ni majirani, na kwa miaka mingi zimecheza katika uwanja mmoja. Wewe na ndugu yako mtanuniana kwa nini?