Nyanya Aliniambia Ni Mori

Kazi yangu ni kupandisha ng'ombe kwa mrija. Nyuma ya pikipiki nabeba mtungi wa naitrojeni ambamo mbegu hukaa katika baridi ya nyuzi 196 chini ya sifuri. Nazunguka Runyenjes na Manyatta huku Embu, na nikiitwa, nafika hadi Nkubu upande wa Meru.

Miaka ya mwanzo nyanya mmoja wa Runyenjes aliniita alfajiri. "Daktari, huyu ni mori," akasema. Nilikuwa na haraka. Kwenye kadi nikaandika "ng'ombe", nikatoa mbegu ya Friesian mwenye umbo kubwa. Mori kwa Kiembu ni mtamba: hajazaa hata mara moja, nyonga zake bado nyembamba. Miezi tisa baadaye tulivuta ndama kwa kamba usiku kucha, akatoka amekufa. Nilimwomba nyanya msamaha. Akajibu, "Nilikwambia ni mori."

Tangu siku hiyo nayachunguza majina ya mifugo. Mburi wa Kiembu na Kimeru na mbuzi wa Kiswahili ni neno moja la kale la Kibantu, na ng'ombe vivyo hivyo. Fahali na maksai Kiswahili kiliyapata kwa Waarabu. Friesian, Ayrshire na Jersey ni majina ya kwao walikotoka, na Toggenburg, mbuzi wa maziwa anayefugwa sana Meru, ana jina la bonde la Uswisi.

Kiingereza nacho kina kisa chake. Wanormani kutoka Ufaransa waliiteka Uingereza mwaka 1066. Mchungaji akaendelea kusema cow, calf, sheep, maneno ya babu zake. Lakini nyama iliyopelekwa mezani kwa mabwana ikaja kuitwa beef, veal, mutton, maneno yenye asili ya Kifaransa. Aliyelisha mnyama alibaki na jina lake, na aliyekula akaleta jina la nyama.

Kwetu nyama ya ng'ombe ni ya ng'ombe, kwa mchungaji na kwa mgeni wa heshima. Pale tulipotenganisha majina ni zizini: njau ni ndama, mori ni mtamba, ndegwa ni dume. Waliyaunda watu waliokesha na mnyama anayezaa, ndiyo maana jina moja linabeba umri, uzazi na tahadhari.

Siku hizi, kabla sijafungua mtungi, nauliza: "Huyu mnamwitaje?" Wakisema mori, natoa mrija wa Jersey, au wa fahali anayejulikana kwa ndama wadogo. Vijana wengi hunijibu "ng'ombe" tu, au "gredi". Hapo naomba nyanya wa boma aitwe, nami nasubiri hadi afike.