Bisibisi ya Mpini wa Mutamaiyu

Kamukunji ya wafua vyuma wa Nairobi, mwaka 1984, mwanangu, uliisikia kabla hujaiona. Nilikuwa nimemaliza darasa la saba, nakaa kwa mjomba Kaloleni, na karo ya sekondari haikuwapo. Asubuhi nilishika Jogoo Road kwa miguu, nikaupita City Stadium, nikalipita soko la Burma na harufu yake ya damu ya ng'ombe na maji ya moto, na hapo nyundo zikaanza kunipokea. Mwaka huo mvua zilikosekana, tukala ugali wa mahindi ya njano yaliyotoka ng'ambo, na hata moshi wa jikoni kwetu ulinuka vingine. Mzee aliyekubali kunifundisha alikuwa ametoka karakana ya reli. Aliingia humo kijana, enzi za mkoloni, akatoka Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977, na ovaroli ya buluu akaendelea kuivaa kana kwamba king'ora kingemwita wakati wowote. Uso mwembamba, nyusi zilizokwisha kuungua zikaota tena nusu nusu. Hakuwa mtu wa kufoka. Kazi ikiwa mbovu alinyamaza tu, nawe ukajua uirudie. Alinilipa shilingi kumi kwa siku na sahani ya githeri mchana.

Jirani zetu walifua karai, majiko na masanduku ya shule. Mzee yeye aliwafulia mafundi wengine: tindo, msharasi wa mshona viatu, koleo. Bisibisi ilianza na fundi mmoja wa redio wa mtaa wa Jericho, mtu mwenye mafua ya kudumu, aliyekuja kulalamika kwamba skrubu za redio ni za nyota, za cherehani ni za bapa, na mkewe alikuwa na cherehani. Seti ya kigeni yenye mpini mmoja na ncha za kubadilisha iliuzwa shilingi 180 katika maduka ya mjini. Kwa fedha hiyo ningekaa kwa Mzee karibu wiki tatu. Mzee akaiazima kwa jioni moja, akaigeuzageuza kwenye mwanga wa koroboi, akasema hapana ajabu hapo.

Mpini ulitokana na mti wa mutamaiyu. Wachonga vinyago wa Kikamba kule Majengo walitupa vipande vidogo, nami nilitumwa kuviokota nikiwa na sigara mbili za kuwapa. Ni mti mgumu, ukiukata unatoa harufu tamu yenye uchungu kidogo nyuma yake, na haupasuki ovyo. Tuliuzungushia tupa, tukaukwangua kwa kipande cha chupa, msasa ukafuata, na mwisho mafuta kidogo ya kupikia ya Kimbo yaliyosuguliwa kwa kitambaa hadi mti ukang'aa. Upande wa nyuma tulitoboa tundu la kuhifadhia ncha, tukalifunga kwa kizibo cha mti. Upande wa mbele tuliingiza kipande cha bomba la chuma, tukakipigilia pini ya msumari kukata kati. Mdomo wa bomba ulipashwa moto ukafuliwa juu ya chuma cha pembe nne, hata ndani ukawa wa mraba, ili ncha isizunguke. Mwanzoni Mzee aliishikilia ncha kwa skrubu ndogo ubavuni, na yule fundi wa redio akacheka mpaka akakohoa: bisibisi inayohitaji bisibisi! Basi Mzee akaupasua mdomo kwa msumeno wa chuma, akaupanua kidogo, akauvika pete ya shaba. Ukiisukuma pete mbele, mdomo unabana; ukiirudisha, ncha inatoka mkononi.

Lakini thamani yote ilikuwa kwenye ncha. Tulizifua kutoka springi kuukuu za magari, tukazipa umbo zikiwa bado laini, ile ya nyota ikichongwa mifereji minne kwa tupa ya pembetatu. Kisha zikarudi kwenye makaa. Kazi yangu ilikuwa kuzungusha gurudumu la baiskeli lililoendesha feni, moshi ukinichoma macho, huku Mzee akingoja nyekundu ya buni iliyoiva. Hapo alizichovya kwenye oili chafu ya injini, na harufu yake ikalala nami Kaloleni kila usiku. Ncha iliyotoka humo ilikuwa ngumu lakini hovyo, ukiibana inakatika. Ilibidi ing'arishwe, ilazwe juu ya bati lenye moto wa polepole, na rangi ziangaliwe zikipita: manjano hafifu, kahawia, zambarau. Zambarau ikianza kugeuka samawati unaiondoa mara moja. Ukipiga chafya pale, umepoteza ncha. Tuliuza mpini na ncha nne kwa shilingi 45.

Mwaka 1985 mfumo wa elimu wa 8-4-4 ulianza, shule zikahitaji zana za ufundi, na walimu wakaja na risiti zao wakitaka muhuri ambao hatukuwa nao. Mwishoni mwa mwaka huohuo Rais Moi alitutembelea Kamukunji, na baadaye mabanda ya mabati yakajengwa. Watu wanasimulia siku ile ya Rais kuliko yote. Mimi nakumbuka zaidi kwamba ndani ya mabanda rangi za ncha zilisomeka vizuri, kwa sababu juani samawati huwezi kuiona mpaka imeshapita.

Soko la bidhaa za nje lilipofunguliwa mwaka 1993, seti za plastiki zenye ncha kumi zikaanza kupangwa juu ya magunia, hatua chache tu kutoka bandani kwetu. Nilinunua moja nikaiweka mezani kwa Mzee. Aliitoa ncha, akaijaribu kwa tupa, tupa ikaimega kama si chuma. Nilingoja acheke. Aliniuliza bei. Nilipomtajia akakaa kitambo akifuta mikono, kisha akanituma nikaulize bati la geji ishirini na nane linauzwaje, maana Januari shule zingefunguliwa na wazazi wangetaka masanduku.