Fremu Isiyoshika Kutu

Makomredi wa hosteli yetu wamechoka kuniuliza: mbona hiyo baiskeli huipigi rangi? Wengine wanadhani niliibandua rangi ya zamani nikaishiwa pesa za kumalizia. Fremu ni ya kijivu tupu, kijivu cha sufuria iliyosuguliwa, na kwenye viungo mishono ya kuchomelea imelala kama shilingi zilizopangwa zikiegemeana. Basi hivyo ndivyo ilivyotoka kiwandani. Ni titaniamu, na rangi kwake ni pambo tu.

Niseme imetoka wapi, maana nimegundua kwamba kuna watu wanajua bei ya vitu hivi na sitaki nidhaniwe makubwa. Mjomba wangu alikuwa mlinzi wa hoteli huko Watamu. Mgeni mmoja alikuja nayo kwa ndege, akazunguka nayo likizo nzima, na siku ya kuondoka akamwachia. Mjomba akaipanda miaka mingi mpaka magoti yakamkatalia. Nilipoingia mwaka wa pili akanipa, na neno lake lilikuwa moja: "Hii haishiki kutu, mwanangu. Haina kazi."

Nusu ya kwanza ya neno hilo ni kweli kabisa. Sisi wa Kilifi tunaijua chumvi. Baiskeli ya chuma ukiilaza nje mwezi mmoja tu wakati wa kusi, spoku zinaanza kugeuka rangi ya chai. Titaniamu haina habari. Si kwamba haiungani na oksijeni. Inaungana nayo haraka sana, ila kile kinachotokea ni utando mwembamba mno, usioonekana kwa macho, ulioshikamana na chuma chenyewe kama ngozi. Ukiukwaruza, unajifunga tena papo hapo. Kutu ya chuma cha kawaida hubanduka na kuacha sehemu mpya iliwe. Huu utando haubanduki. Maji ya bahari hayaupiti. Na bado ni nyepesi: sentimita moja ya ujazo ya titaniamu ina kama gramu 4.5, ya chuma cha pua 7.8 hivi. Ndiyo maana naipandisha ngazi hadi ghorofa ya tatu kwa mkono mmoja na sijisifu.

(Kando kidogo: mchanga wenye titaniamu ulichimbwa hapa hapa pwani, Kwale, na kupakiwa melini Likoni, mpaka mgodi ulipofungwa mwishoni mwa 2024. Lakini usidhani ulikwenda kuwa baiskeli. Duniani sehemu kubwa kabisa ya madini hayo hugeuzwa kuwa unga mweupe wa kutia kwenye rangi za nyumba, plastiki, hata dawa ya meno. Kwa hiyo wanaonishauri niipige fremu rangi nyeupe, kwa namna fulani, wananiambia niipake titaniamu juu ya titaniamu.)

Nusu ya pili ya neno la mjomba, kwamba haina kazi, ndiyo iliyokaribia kuiua. Fremu haitembei peke yake. Paipu ya kiti ni ya aluminiamu. Ekseli ya pedeli ina chuma. Boliti ni chuma. Metali mbili tofauti zikigusana penye maji ya chumvi zinakuwa kama betri ndogo, na katika betri hiyo anayeliwa ni mnyonge. Titaniamu haiguswi, aluminiamu ndiyo inayooza, inatoa unga mweupe, na unga huo unachukua nafasi kubwa kuliko metali iliyouzaa. Sasa wazia hilo likitokea ndani ya bomba, hakuna pa kupanukia. Kiti kilikuwa kimejifunga kwenye fremu kana kwamba vilizaliwa pamoja, kwa urefu wa mjomba, ambaye ni mfupi kuniliko kwa shubiri nzima. Magoti yangu yalikuwa yanagonga usukani.

Nikaipeleka kwa fundi wa karibu na stendi ya matatu, mzee ambaye ametengeneza baiskeli tangu kabla sijazaliwa. Akajaribu spana, akajaribu nyundo na kipande cha ubao, kisha akamtuma kijana wake alete gesi ya kuchomelea.

"Mzee, samahani. Hii isipigwe moto."

"Mwanangu, chuma kikikataa, dawa yake moto."

Nilikuwa na sekunde chache za kumweleza mtu mzima kazi yake bila kumkosea adabu, na hakuna somo la Ualimu lililonifundisha hilo. Nikamwambia kwamba hii ikipashwa moto mkali hewani inanyonya oksijeni na nitrojeni, inakuwa ngumu na kavu kama kigae, na ufa ukiingia hapo hauna pa kusimama. Ndiyo sababu wanaoichomelea huifunika kwa gesi ya agoni, nje na ndani ya bomba, mpaka ipoe. Mshono uliobaki na rangi ya fedha ni mzima. Ukigeuka buluu, hewa iliingia. Nikamwonyesha mishono ya fremu yangu: fedha tupu. Akaitazama kwa muda, akapitisha kidole. Akamwambia kijana arudishe mtungi.

Tuliishia kwenye jiliwa. Tulimimina mafuta ya kulegeza kwenye mwanya jioni tatu mfululizo. Siku ya nne akang'oa kiti, akakibana kichwa cha paipu kwenye jiliwa, mimi nikashika fremu nyuma na yeye mbele, tukaizungusha fremu yote kama watu wanaosaga nafaka kwa jiwe. Ilitoa mlio ambao nitaukumbuka. Kisha ikatoka, na paipu ilikuwa imeota upele mweupe toka juu mpaka chini. Ndani ya bomba la fremu? Safi. Tulifuta kwa kitambaa, basi.

Tangu siku hiyo kila miezi mitatu natoa paipu ya kiti, nafuta, napaka grisi upya, narudisha. Nyuzi za boliti na za ekseli pia, maana titaniamu ina tabia ya kung'ang'ania metali inayosuguana nayo. Boliti kavu ukiikaza leo, kesho unaivunja. Hii ndiyo matunzo yenyewe hasa. Yaliyobaki ni kuosha.

Na kuosha ni rahisi kuliko vyombo. Karai la maji, sabuni ya kuoshea vyombo, kitambaa laini, mswaki wa zamani kwa kona za mishono ambako jasho na vumbi hukaa. Suuza, kausha. Ikichubuliwa na mnyororo wa kufungia, nachukua ule upande wa kijani wa sponji ya jikoni, nasugua polepole kuelekea upande mmoja, kufuata mistari iliyopo, na mchubuko unapotea. Nani anaweza kufanya hivyo na baiskeli iliyopigwa rangi? Ila waya wa kusugulia sufuria usiuguse: unaacha chembe za chuma kwenye fremu, chembe zinashika kutu, halafu watu wanakuambia titaniamu yako feki.

Jumamosi asubuhi ndiyo zamu yake. Wenzangu wanasema nimeoa. Ukweli ni kwamba naosha ili nione. Fremu ya matope haikuambii kitu, na hii ikipasuka, sijui mtu hapa karibu wa kuichomelea kwa namna inayotakiwa. Muhula ujao naenda TP kwenye shule iliyo kilomita kumi na moja za murram kutoka nitakapolala, na nauli ya boda kwenda na kurudi kila siku ingemaliza pesa yangu ya chakula kabla ya mwezi kufika katikati.

Wiki tano zilizopita, nikiwa na mswaki, niliona mstari mwembamba chini ya fremu, karibu na mshono wa pale ekseli ya pedeli inapopita. Mstari wa kucha ya mtoto. Unaweza kuwa alama ya cheni iliyowahi kuruka; cheni huchimba hapo hapo. Nilisugua kwa sponji na haukupotea wote. Nikachora kistari cha wino usiofutika kila mwisho wake, nikaandika tarehe kwenye daftari la Mbinu za Ufundishaji kwa kuwa ndilo lililokuwa mkononi. Ukivuka wino, sitaipanda tena hata mita moja, kwa sababu hapo ndipo uzito wote wa mpandaji unapokanyagia.

Wiki ya kwanza, ndani ya wino. Ya pili, ya tatu, ya nne, vivyo hivyo. Leo asubuhi nimemwazima jirani yangu wa chumba tochi ya simu, tukalala chali sakafuni wote wawili, yeye akimulika na mimi nikifuta maji. Bado uko ndani.